Kilo ya Serikali

Siku nne za posho, usiku mmoja wa Njombe ukiwemo,
na sanduku la mawe ya shaba
ambalo kondakta alitaka kulirusha kwenye buti. Nikakataa.
Nikalipakata kama mtoto wa watu mpaka Tandala.

Asubuhi, sakitu juu ya mabati, juu ya ngano,
juu ya kamba ya nguo
ambapo suruali ya mtu ilikuwa imesimama yenyewe,
imeganda, inamsubiri mwenyewe aje aingie.
Bwana Tulizo Mahenge wa nyumba ya wageni
alikuwa amenipa mablanketi matatu na jiko la mkaa,
akanionya nisifunge dirisha lote.
"Mgeni wa serikali akifia huku, karatasi zake ni nyingi."

Kazi yangu ni rahisi kuieleza, ngumu kupendwa.
Naweka jiwe la kilo ishirini juu ya mizani ya mtu,
nasubiri mizani iseme.
Mawe siyashiki kwa mkono mtupu. Jasho lina uzito.
Kidole kikisahau glavu leo, na kesho,
kilo ya serikali inanenepa.

"Kamwene," walinisalimu sokoni,
wakificha kitu nyuma ya kila neno.
Kwa Ilomo, jiwe la ishirini lilisoma ishirini na moja.
Hakubisha. Alilipa faini haraka mno,
kama mtu aliyekwisha kuitenga.

Nikavuka barabara kwa Bi Esnati Chaula,
viazi mviringo, udongo mweusi ungali mbichi kwenye ganda.
Kumi na tisa na nusu.
Nikaliondoa jiwe, nikalirudisha.
Kumi na tisa na nusu.
"Mama, unajipunja."
"Kivipi?"
"Kila kilo ishirini unazouza, nusu kilo inakwenda bure."
"Tangu lini?"

Mizani haisemi tangu lini.
Akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuzidisha ukutani:
magunia matano kwa juma, majuma ya mwaka,
miaka kumi na mmoja tangu marehemu ainunue Makambako
kwa mtu aliyekuwa anahama.
Hesabu ilipofika kwenye fremu ya mlango, ukuta ukaisha.
Akaangua kitu, sijui kicheko, sijui nini.
"Na walivyonisema! Esnati mchoyo!
Esnati ana mkono wa chuma!"
Foleni nzima ikawa inakagua viatu vyake.

"Sasa baba, nani atanirudishia?"

Nikafungua kitabu cha fomu.
Kuna sehemu ya faini. Kuna sehemu ya kutaifisha.
Kuna sahihi ya mkosaji, kwa herufi kubwa.
Nikageuza ukurasa, nikageuza tena,
kama mtu anayetafuta chenji aliyojua hana.
Mwisho nikabandika karatasi nyekundu: HAIFAI KWA MATUMIZI.
Akaisoma kwa sauti, polepole,
akauliza ni mizani inayosemwa hapo, au ni yeye.

Basi la alfajiri halikuwa na taa ndani.
Alinifuata stendi na kitenge kichwani, hakunisalimu,
akanitia viazi viwili vya moto,
kimoja katika kila mfuko wa koti.
"Si vya kula," akasema. "Vya mikono."

Sasa niko Dodoma, jua limejaa mezani,
na fomu ya marejesho ya safari.
Mizani zilizokaguliwa: kumi na saba. Mbovu: tatu.
Zawadi zilizopokelewa, na makadirio ya thamani:
hapo kalamu imesimama tangu saa nne.

Kimoja nilikila Njombe, na ganda lake.
Cha pili kilipoa mahali fulani baada ya Makambako,
nikakisahau, nimekikuta leo, kigumu, kimekunjamana.
Nimekiweka juu ya mizani ya maabara.
Gramu mia moja themanini na mbili.
Glavu nilikuwa sijavaa.